Simiti ya Harusi

Mwanangu Zuhura,

Salamu zako nitakupa kesho asubuhi mlangoni, mbele za watu, pamoja na dua na machozi. Hapa sina nafasi nazo. Nimejifungia chumbani, nimewaambia wanawake wanaokaanga mahamri huko uani kwamba kichwa kinaniuma, na shangazi yako ameamini upesi kwa kuwa hupenda kuamini kwamba mimi ni mgonjwa. Barua hii nitaitia chini ya mto wako. Isome leo, usiichukue njiani bila kuisoma. Na ule mlio uliousikia jana adhuhuri, ukanigongea mlango ukauliza, "Mama, wafanyaje humo?" nami nikakujibu kwamba napigilia tendegu la kitanda, haukuwa wa kitanda. Nitakwambia ulikuwa wa nini, lakini ngoja kwanza.

Mambo ya sweta, ya nyama ya kula na ya kuacha, ya kujifunika kifua baridi ikipiga, hayo atakueleza shangazi yako mpaka masikio yakuume. Hajawahi kuvuka feri ya Kilifi, lakini Uholanzi uendako anaijua yote. Mimi nataka kukueleza habari ya chuki yangu. Nimeishi nayo muda mrefu, nimekulea nayo ndani ya nyumba moja, na sitaki uende nayo ng'ambo bila kujua ilivyozaliwa.

Sudi, mume wa mama yako mdogo Mwanakombo, simpendi. Hilo unalijua tangu utotoni. Kila Idi alipokuja na gari lake, akakubusu utosini akakuita mwanangu, nawe ukimwita baba mdogo kwa adabu niliyokufunza mwenyewe, mimi nilikuwa jikoni nakata vitunguu ambavyo hakuna aliyevihitaji. Habari yenyewe umeipata vipande vipande, leo kwa bibi yako, kesho kwa jirani. Sasa ichukue yote kutoka kwangu.

Wewe ulikuwa unatambaa ile kampuni ilipokuja kutoboa ardhi huko nyuma ya Mambrui yetu hii, upande wa bara, ikitafuta mafuta. Walisimamisha mnara wa chuma uliokuwa ukiwaka taa usiku kucha, na watu walitoka Malindi kwa miguu kwenda kuutazama. Mafuta hawakupata. Walichopata, kwa maneno uliyonieleza wewe baadaye, ni hewa ya kaboni iliyokuwa imefungiwa chini ya mwamba, hewa isiyowaka wala isiyouzika. Wakakata tamaa, wakaondoka na mnara wao, na kazi ya kulifunga shimo wakamwachia nyapara. Alikuwa kijana wa Mombasa, mtanashati, viatu vinang'aa hata katika vumbi lile. Huyo ndiye Sudi.

Ulinieleza kwamba shimo la namna ile haliwekwi kifuniko juu likaachwa. Simiti humiminwa ndani, chini kabisa, kisha pale hewa ilipo, kisha juu yake, kisha karibu na uso wa ardhi, ili kila tabaka lifungiwe kwake. Na si simiti ya dukani. Ni ya kazi hiyo tu, hustahimili joto na shinikizo la chini. Ililetwa kwa malori, ikarundikwa chini ya maturubai.

Wakati huo huo Sudi alikuwa amemposa Mwanakombo. Wajua mambo yetu: nyumba ya bibi harusi haipokei wageni ikiwa vile vile ilivyoamka. Hupakwa chokaa, makuti hubadilishwa, kila kitu hutengenezwa upya hata kama watu watakula mhogo mwaka mzima. Nyumba hii ya babu yako chini ilikuwa mchanga mtupu. Sudi akasema, "Mzee, wageni wangu hawatakanyaga mchanga. Niachieni mimi." Lori likaja limejaa mifuko, na mafundi juu yake. Sakafu ilipokauka mtaa mzima ulikuja kuitazama. Watoto waliteleza juu yake kwa makalio. Babu yako akawa anatoka nje bila sababu, ili apate kuingia tena.

Mimi na baba yako tulikuwa tunakaa chumba cha nyuma, hiki ninachoandikia, na mafundi hawakukifikia. Nilikuwa na wivu, Zuhura, niuite jina lake. Mdogo wangu anaolewa na mtu wa malori, na mume wangu mimi ni Bakari mwangua nazi. Nikamwambia Sudi kwa mzaha, lakini mkono nimeunyoosha, "Shemeji, na sisi wa chumba cha nyuma je? Tupande viazi humu?" Akacheka sana. "Shemeji yangu, wewe ukisema tu!" Kesho yake likaja lori la pili. La kwanza alilileta Sudi kwa kutaka sifa. La pili nililiita mimi.

Hakuna aliyeuliza simiti yatoka wapi. Miaka baadaye ndipo Mzee Karisa, aliyekuwa kibarua wake Sudi pale shimoni, alipotuambia, hapo hapo kibarazani, huku akisugua magoti: "Mama, shimo lile twalitia magunia ya mchanga na magogo. Simiti ni ile ya juu tu, ya kuonwa na mzungu. Mzungu apita, aona kumefungwa, apiga picha, aenda zake." Lakini alipotuambia hayo, baba yako alikuwa amekwisha kuzikwa.

Ulikuwa umeanza kwenda chuoni kusoma Kurani wakati maji ya kisima chetu yalipoanza kukwaruza ulimi. Sisi tulilalamika kwamba yaharibu chai. Nyinyi watoto mliyapenda, mkiyaita maji ya pilipili. Vyura wakawa wanaelea wamekufa. Bibi yako akasema tumefanyiwa kijicho. Baba yako akasema kisima kimechafuka, basi, na Ramadhani yaja, kisafishwe kama kila mwaka.

Wakumbuka namna visima vinavyosafishwa mtaani kwetu. Kabla mtu hajashuka, chetezo cha ubani huteremshwa kwa kamba mpaka karibu na maji, kuwanukishia wenyewe wa mle kama wamo, na kama hawamo, harufu nzuri haimdhuru mtu. Kazi ya chetezo ni ya mwanamke wa nyumba. Nikatia makaa ya vifuu, mekundu, nikaweka ubani, baba yako akateremsha. Kilipopanda, makaa yalikuwa meusi. Wanawake wakaguna. Nikawasha upya, nikapepea mpaka machozi yakanitoka, kikateremshwa tena, kikarudi cheusi vile vile. Jirani mmoja akasema, "Leo makaa yamemkataa Mama Zuhura," wote wakaangua kicheko. Bakari naye akacheka. "Yamenuna haya," akasema, "yataka kubembelezwa."

Mwanangu, makaa yale yalikuwa yakitupigia kelele kwamba mle ndani hamna hewa ya mtu kuvuta. Sisi tukadhani ubani umeshika unyevu. Na mimi, kwa aibu ya kuchekwa kwamba nimeolewa na bado sijui kuwasha makaa, nikamwambia mume wangu, "Shuka bwana, kwani ndiyo mara yako ya kwanza? Ubani nitauchoma hapa hapa juu." Akashuka.

Hakupiga ukelele. Alikuwa akinitania kutoka mle ndani, sauti ikakatika katikati ya neno. Nduguye akajifunga kamba kiunoni akamfuata, wakamvuta kabla hajafika nusu, macho yamegeuka. Baba yako tulimtoa kwa ile kulabu ya kuopolea ndoo. Tukamlaza humu, juu ya sakafu ya lori la pili, kwa kuwa ilikuwa safi na baridi. Wewe uliporudi chuoni ukakuta watu wamejaa uani, uliniuliza kama kuna harusi.

Sudi alikuja mazikoni. Alilia kuliko mimi.

Nilipotoka eda niliingia darasa la ngumbaru. Wenzangu walitaka kusoma barua za waume zao walioko Arabuni. Mimi nilitaka kuandika mashtaka, na kila herufi niliyoijua niliijua kwa hasira. Karisa alikuwa amekwisha kutuambia, nami nikaandika yote, kwa hati yangu hii ya kuku. Serikalini wakamleta afisa mmoja wa soksi ndefu. Akachungulia kisima, akaenda kulitazama shimo, akaona pande la simiti juu na chuma chake, pazuri, pamefungwa. Akarudi akaniambia kwa upole, "Mama, visima vya zamani huwa na hewa chafu. Majani huoza mle. Hii ni kudra ya Mungu." Nikamwambia, "Kudra ya Mungu naijua, bwana. Nilikuwa naulizia ya Sudi." Akatia kofia yake akaenda.

Basi nikapanda basi nikashuka Kilifi, nikatembea mpaka Bofa kwenye hoteli yake, maana sasa alikuwa na hoteli. Wazungu walikuwa wamejilaza kando ya kidimbwi cha kuogelea, wamejipaka mafuta. Nikasimama katikati yao na buibui langu nikapaza sauti: "Muuaji! Sudi muuaji! Toka!" Akatoka, funguo mkononi. Nilitaka anipige, wallahi nilimwomba Mungu anipige mbele ya watu wale. Akafungua mikono. "Shemeji! Karibu, karibu. Jua limekupiga, masikini. Nyie, mleteeni shemeji yangu soda, iliyo baridi." Mtumishi akaleta chupa na mrija juu ya sinia. Nilikuwa nimetembea juani, koo limekauka, nikainywa. Nikainywa yote, Zuhura, kinywa kile kile kilichosema muuaji. Wazungu wakatabasamu, wakarudi kujilaza. Dereva wake akanileta mpaka hapa mlangoni, na jirani zangu wakasema nina shemeji mwema.

Wewe hukuijua habari ya soda ile. Ndiyo maana hukuelewa, likizo yako ile ya kwanza kutoka chuo kikuu Nairobi, ulipofungua chupa mbele yangu ukasema, "Mama, hewa iliyomuua baba ndiyo hii, hii inayopanda," nami nikainuka nikakimbilia uani kutapika. Ulidhani nimemkumbuka baba yako. Nilikuwa nimemkumbuka Sudi.

Tangu siku hiyo nikajua nilipokosea Bofa. Nilikwenda na ukelele tu, na mwenye ukelele hupozwa kwa kinywaji akarudishwa kwao. Wewe ukaanza kunieleza hesabu zako. Kwamba kompyuta hupewa ardhi kwa tarakimu: jiwe lipi hupitisha na lipi hukataa, shinikizo la chini ni kiasi gani, bomba limeliwa na kutu wapi, simiti imepasuka wapi au haipo. Kisha huulizwa hewa itapanda kwa njia ipi na itamfikia nani. Ukasema wenzako huko uendako wataka kuijua hesabu hiyo kwa kuwa wapo wanaofikiria kuuzika moshi wa viwanda chini ya ardhi, na wanachokiogopa ni mashimo mabovu yaliyoachwa na watu wa mafuta. Ukasema hata ufa mwembamba kama unywele, kati ya bomba na simiti, watosha kuipitisha pole pole. Nikakuuliza, "Na pakiwa hapana simiti, pana magunia?" Uliliandika swali hilo daftarini. Nililala vizuri usiku ule.

Juma lililopita nilikuudhi. Ulisema hesabu hizo hutoa uwezekano, hazili kiapo, na nikakuuliza, "Kwani kompyuta hiyo haiwezi kuambiwa la kusema?" Ulinitazama kama mtu aliyekuta mlango usio wa kwao. Ukasema, "Mama, nikiilisha uongo nikagunduliwa, baba mdogo ataokoka. Na akishaokoka mara hiyo, hapana mtu atakayemgusa tena." Nikakasirika, nikakuita mtoto wa Nairobi, nikasusa chakula. Nimeliwaza neno lako siku zote hizi na naona umenishinda hata katika kisasi. Mimi namchukia Sudi kiasi cha kutaka aaibike leo. Wewe wataka asiwe na pa kutokea. Basi fanya kwa njia yako. Pima kama humjui, kama hujapata kula naye Idi. Sitakuuliza tena.

Watu watakwambia samehe. Mimi sikwambii hivyo, wala sikwambii usisamehe. Moyo wako ni wako. Wangu haujasamehe, na sina haya. Nina haya ya jambo jingine. Katika miaka yote niliyokuwa nikimwaza Sudi asubuhi na jioni, akina Karisa walikuwa wakiendelea kuchota maji kule karibu na shimo, na sikwenda hata siku moja kuwaonya. Niliona shimo ni langu, msiba ni wangu, adui ni wangu. Ni wewe uliyeniuliza, "Na visima vya wenzetu je, mama?" Siku hizi nikisikia kisima kinasafishwa popote, huku kwetu au kule bara, nakwenda na chetezo changu. Makaa yakizimika nakaa kitako juu ya ukingo, na mimi ni mzito, hawanitoi. Wananicheka. Wacha wacheke.

Na hesabu ikija kukwambia kwamba hewa ile haikutoka shimoni, kwamba afisa wa soksi ndefu alisema kweli? Nimelifikiria, usidhani sikulifikiria. Niambie vivyo hivyo. Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa eti kwa kuwa mimi ni mjane. Nitaumia, na Sudi nitaendelea kumchukia kwa ile soda, yatosha.

Najua pia utamfikiria Mwanakombo. Nami humfikiria. Tulilala kitanda kimoja mpaka siku niliyoolewa, na jina la mumewe likisomwa hadharani sitakuwa na ndugu tena. Nasema niko tayari. Asubuhi husema hivyo kwa nguvu zaidi kuliko jioni.

Sasa ule mlio. Niliazima nyundo na tindo kwa fundi wa Barani, nikainua mkeka, nikavunja. Nilianzia pale tulipomlaza baba yako. Ulisema simiti ya mashimo haifanani na ya dukani, na kwamba wenye maabara huitambua hata ikiwa imekauka miaka. Basi nimewapa ya kutosha. Sakafu ile ilikuwa ngumu, mwanangu, viganja vimenitoka malengelenge. Ingelifunga shimo vizuri sana. Kilichobaki nimekipasua chote, sikuweza kuacha, na vifusi nimevirundika nyuma ya kabati ili shangazi yako asipige mayowe kabla ya wakati.

Kipande kikubwa kimo katika sanduku la kijani alilokuletea Sudi juzi, akisema mwanawe hasafiri na mfuko. Nimekifunga kwa leso yangu, chini kabisa, chini ya nguo zako. Wakikuuliza uwanja wa ndege, sema ni jiwe la kwenu. Na kesho, kwa kuwa ameng'ang'ania kukupeleka Mombasa yeye mwenyewe kwa gari lake, muache alinyanyue sanduku hilo yeye mwenyewe kutoka kizingitini mpaka garini. Usimsaidie. Mimi nitakuwa nimesimama mlangoni, nakulilia wewe na kumtazama yeye. Akilalamika kwamba ni zito, mwambie mama ametia ukumbusho wa nyumbani.

Ukimaliza kazi yako, ikiwa ni kweli, watakuuliza simiti ya shimo ilikwenda wapi. Waambie. Waambie lori la pili liliitwa na nani, na kwa maneno gani, hata lile la viazi. Liandike jina langu kwanza, lote, usinifiche kwa kuwa mimi ni mama yako. Kisha liandike la Sudi chini yake, na hapo usikose hata herufi.

Ni mimi mama yako, ambaye kuanzia leo analala juu ya mchanga.